Ndiyo Yenye Neno

Nanza kwa jina la Mola,
Mjuzi wa kila hila,
Asoghafili kulala,
Wala neno kusahau.

Ama baada ya kumtaja Yeye ambaye kwake hakuna jibu la nusu, na kumtakia rehema Mtume wake msema kweli, nawapanga watu wa kisa hiki, msomaji awatambue kabla hawajaanza kurushiana maneno.

Wa kwanza ni mwanamke aliyekuwa akiandika programu kwa lugha ya C katika hospitali moja kubwa. Wenzake walimbandika jina la Bi Hakika, kwa kuwa hakupata kuambiwa jambo asijibu, "Una hakika?" Wa pili ni mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, mwepesi wa ulimi, aliyekuwa na uvimbe katika kizazi uliokuwa ukimmaliza damu mwezi baada ya mwezi. Wa tatu ni mkuu wa benki ya damu ya hospitali hiyo, bwana mrefu, mpole wa sura na mkali wa kinywa. Naye, kwa kushinda kutwa baina ya majokofu, aliitwa Bwana Barafu. Wa nne hakuonekana kwa macho. Alikuwa sauti katika simu, mtumishi wa kampuni iliyoiuzia hospitali vyombo vyake vipya vya kompyuta, na Bi Hakika alimpa jina la Bwana Naam. Sababu yake itadhihiri.

Mdogo mtu alikuwa apasuliwe siku ya Alhamisi. Damu yake ni ya kundi lile lisilopatikana ovyo, na daktari alikwisha kusema kuwa hatashika kisu mpaka chupa mbili za kundi hilo ziwemo katika jokofu kwa jina la mgonjwa wake. (Watu wangali wakiita chupa, ijapokuwa siku hizi ni mifuko.) Chupa hizo zilipatikana, mbili tu, baada ya kutafutwa kwa muda mrefu. Mgonjwa akaambiwa afunge begi.

Sasa yampasa msomaji ajue jambo moja la ufundi, nalo si gumu. Programu iliyoandikwa kwa C haizungumzi na hifadhidata, yaani ghala ya kumbukumbu za kompyuta, uso kwa uso. Baina yao husimama kipande cha programu ambacho mafundi hukiita draiva, nacho ni mithili ya mkalimani: huchukua swali upande huu, hurudisha jibu kutoka upande ule. Hospitali ilipobadili hifadhidata yake, ilibadili na mkalimani. Na wakalimani hawalingani; huyu analijua hili, yule halijui, na wa tatu hulijua nusu. Kwa hiyo mwandishi wa C mwenye adabu ya kazi haamrishi kabla ya kuuliza. Humwuliza mgeni: kazi fulani unaiweza? Chaguo fulani unalikubali?

Bi Hakika aliuliza. Kwa jina lake na tabia yake, aliuliza kuliko wengi. Chaguo alilolijali kuliko yote lilikuwa lile linalozitenga shughuli zisiingiliane, ili dirisha la programu katika kompyuta ya wodi moja likishika chupa ya damu, dirisha la wodi nyingine lingoje mpaka la kwanza limalize. Aliliomba kwa daraja yake ya juu kabisa. Draiva ilijibu ndiyo, naye akaendelea na mengine.

Jumanne, saa ile ambayo madaktari wamekwisha kupita wodini na kila wodi inaagiza damu kwa wakati mmoja, Bwana Barafu aliingia katika chumba cha Bi Hakika bila ya kubisha hodi. Chumba chenyewe kilikuwa zamani ghala ya viti vibovu: meza moja, kompyuta mbili, na feni iliyotikisa kichwa kama inayokataa kila inaloambiwa. Akaweka vijikaratasi viwili vya maagizo juu ya kibodi.

"Nisomee," alisema.

Bi Hakika akasoma, akarudia. "Namba ya chupa ni moja. Wodi ni mbili."

"Ahsante. Nilidhani macho yangu ndiyo yamezeeka. Sasa nishauri, chupa hii niigawe kwa kisu au kwa mkasi?"

"Haiwezekani, Bwana Barafu."

"Una hakika?"

Bi Hakika hakucheka. Aliuliza kama wagonjwa wamedhurika.

"Hawakudhurika. Damu yao ni ya kundi la watu wengi, nikafungua jokofu nikampa wa pili nyingine. Ingekuwa ile adimu, nisingekuja hapa kufanya mzaha."

Neno hilo lilimwinua Bi Hakika kitini. Bwana Barafu akaelewa, naye chini ya barafu yake alikuwa na utu. "Za mdogo wako ziliagizwa asubuhi hii hii. Nimetazama kwenye skrini, ziko kwa jina lake, wodi ya upasuaji. Lakini wewe tengeneza mambo yako, maana mimi skrini yako siiamini tena hata ikiniambia leo ni Jumanne."

Wakajaribu pamoja. Bi Hakika alikuwa na nakala ya hifadhidata ya kujifunzia, isiyogusa damu ya mtu. Akaandika humo chupa moja ya uongo, akamkalisha mwenziwe mbele ya kompyuta ya pili.

"Nikisema haya, bonyeza."

"Kama watoto wa mbio za magunia."

"Haya!"

Wakabonyeza. Kompyuta zote mbili zikaonyesha maneno mamoja: chupa imehifadhiwa kwa ajili ya wodi yako.

"Mimi nimepata," alisema Bwana Barafu.

"Na mimi nimepata."

"Basi tumeposa binti mmoja, na baba mtu katukubali sote." Akainuka, akajinyosha mgongo. "Mimi nilifikiri ndoa za namna hii zina kesi."

Bi Hakika alibaki na programu yake mchana kutwa. Akaufuata msitari ule unaoliomba chaguo: upo, haukupungukiwa na herufi. Akaiuliza draiva tena kama inaijua kazi hiyo. Ndiyo. Akauliza kwa njia nyingine. Ndiyo. Akaubadili mpangilio wa amri, akakompaili upya (ndiyo kuigeuza programu iwe lugha ya mashine), akaurudisha ulivyokuwa, akakompaili tena, kama mtu anayetikisa mlango anaoujua kuwa umefungwa. Kila alipojaribu chupa yake ya uongo, iliposwa na wawili. Jioni alitoka hapo macho mekundu, na alipopigiwa simu na mdogo wake kuulizwa kama apakie mto wake mwenyewe, alimjibu kwa ukali usiokuwa na sababu, kisha akaomba radhi, kisha akaukasirikia ule ukali.

Asubuhi ya Jumatano alimpigia Bwana Naam. Alisikilizishwa muziki hadi sikio likapata joto.

"Dada yangu," ilisema sauti, tamu kama ya mtu anayebembeleza mtoto, "chaguo hilo linakubalika kabisa."

"Linakubalika, au linafanya kazi?"

"Naam."

"Naam ipi, kaka? Nimekuuliza mambo mawili."

"Yote, dada. Hebu tufanye hivi. Zima kompyuta, kisha uiwashe."

"Naandika C tangu wewe unanunuliwa viatu vya shule. Usinizimishe kompyuta."

"Ni utaratibu, dada. Nausoma hapa mbele yangu, siwezi kuruka."

Bi Hakika akatazama feni kwa muda, hakugusa kitu. "Haya, imewaka."

"Sasa iko sawa?"

"Haiko sawa."

"Pole sana. Je, draiva inarudisha kosa?"

"Hairudishi kosa."

"Basi, dada, hakuna kosa," ilisema sauti kwa furaha ya mtu aliyeimaliza kazi yake. "Kuna lingine naweza kukusaidia?"

Alikata simu kwa adabu, kisha akaipiga meza bila ya adabu. Akasimama, akaketi. Akamwambia feni maneno ambayo sitayaandika. Na hasira ilipopungua kidogo, lililobaki kichwani ni lile swali la kipumbavu: inarudisha kosa? Hairudishi. Lakini lazima inarudisha kitu. Inarudisha nini hasa? Naye, aliyewauliza wengine hakika maisha yake yote, hilo hakuwahi kuliuliza.

Nitaeleza. Draiva ikiamrishwa jambo, ina namna kadhaa za kujibu. Huweza kujibu, nimeshindwa. Huweza kujibu, nimefanya. Na huweza kujibu, nimefanya, ila nina neno. Nalo neno lenyewe hailitoi mpaka mwenye kuamrisha aliombe kwa wito mwingine. Waandishi wa C, kwa kupenda mkato, wana kifupisho kinachozikusanya ndiyo zote mbili kapu moja: ikiwa ndiyo, ndiyo yoyote, endelea. Mwalimu wa Bi Hakika alikitumia kifupisho hicho, na mwalimu wa mwalimu wake alikitumia, wakipokezana kama wapokezanao riwaya ya hadithi bila ya kuipima sanadi, mnyororo wa wasimulizi wake. Kwa draiva ya zamani hakikuleta madhara, kwani ile haikuwa na neno la ziada. Hii mpya ilikuwa nalo.

Akakitoa kifupisho. Akaitenga ndiyo tupu na ndiyo yenye neno, akaandika misitari michache ya kuuliza: sema, una neno gani? Akakompaili. Akaendesha. Katika skrini nyeusi pakatokea sentensi fupi: thamani ya chaguo imebadilishwa. Akaiuliza draiva, imebadilishwa kuwa nini? Ikamtajia daraja ya chini, ile isiyomzuia yeyote kuingia alipo mwenziwe.

Basi ndivyo. Kila asubuhi programu ilipoamka na kuomba ulinzi wa juu, draiva ilijibu: nimekupa, ila si huo uliouomba, nimekupa unaofanana nao, ikangoja iulizwe, haikuulizwa, ikanyamaza. Haikusema uongo hata siku moja. Na hilo ndilo lililomchoma Bi Hakika kuliko kama ingesema, kwa sababu ghadhabu yake ilikuwa imekwisha kunyanyua mkono, nao mkono haukuona pa kuteremkia isipokuwa kwake mwenyewe.

Akateremka mbio mpaka benki ya damu, ukumbi mrefu wenye majokofu yanayovuma na dirisha la kutolea damu upande wa mbele.

"Funga madirisha ya wodi zote," alisema hata kabla ya salamu. "Bakisha lako peke yake. Anayetaka damu aje kwako, uandike wewe, mkono mmoja."

"Bi Hakika, wodi zote zitanirukia mimi."

"Zikurukie."

"Kwa urahisi huo! Ulituambia mashine itatupumzisha. Sasa mimi ndiye niwe mashine?"

"Mpaka nipate draiva inayoweza. Hii haiwezi. Ilisema haiwezi, nami sikuisikia."

"Ilisema lini?"

"Kila siku."

Papo hapo dirishani akatokea muuguzi wa wodi ya wazazi, kijisanduku cha baridi mkononi, anahema. Akasukuma kijikaratasi cha agizo. "Mbili hizo, kaka, upesi. Mama amejifungua na damu haikatiki."

Bwana Barafu akakisoma, kisha akatazama skrini, kisha akakisoma tena polepole. "Hii umeagiza lini?"

"Jana asubuhi, tuliona dalili tukajiandaa. Si imeandikwa hapo? Upesi basi!"

Bi Hakika hakuhitaji kuonyeshwa. Aliziona namba za chupa kutoka alipokuwa amesimama, akajua. Chupa mbili, na kundi hilo hakuna nyingine.

"Skrini inasema ni za wodi ya upasuaji," alisema Bwana Barafu, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Zina jina la mtu, anapasuliwa kesho. Sharti nimpigie daktari wake akubali kwanza, naye hivi sasa yumo katika chumba cha upasuaji, hapokei simu."

"Skrini!" alisema muuguzi. "Mimi nina karatasi, na nina mtu anakwisha!"

Bwana Barafu akageuza shingo. Akamtazama Bi Hakika, na mtazamo ule ulikuwa swali.

Katika watu watatu wale, mmoja tu ndiye aliyejua maana ya kile kilichoandikwa kwenye skrini. Jana asubuhi wodi mbili zilishika chupa zile kwa pamoja. Zote zikaambiwa ndiyo. Kisha aliyechelewa kwa kufumba na kufumbua akaandika jina lake juu ya jina la mwenziwe. Skrini haikuwa ikimtaja mwenye haki. Ilikuwa ikimtaja aliyesema mwisho. Angenyamaza, kanuni ingemnyamazia: simu ingeita katika chumba cha upasuaji, muuguzi angehangaika kutafuta hospitali nyingine, na kesho mdogo wake angeingia kwa daktari na damu yake kamili. Wala hapana ambaye angemlaumu, kwa kuwa hapana ambaye angejua.

Majokofu yakavuma.

"Huyo ndiye aliyetangulia," alisema Bi Hakika. "Jina lililoko kwenye skrini limeandikwa juu ya jina lake. Ni kosa la programu. Mpe."

"Bi Hakika, hizi ni za..."

"Nazijua ni za nani. Mpe, usinirejeshe hapo."

Bwana Barafu akafungua jokofu. Muuguzi aliondoka mbio, na mlango ukabaki ukipigapiga nyuma yake. Kwa kitambo Bwana Barafu alipangusa kioo cha dirisha kisichokuwa na vumbi. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta, akasema, "Haya, zima hayo madirisha ya wodi. Nirukiwe." Na ilipotimia adhuhuri alikuwa amerukiwa na wodi tano, akizijibu zote, "Foleni, jamani, foleni. Leo mashine ni mimi, na mimi sina draiva."

Bi Hakika alimkuta mdogo wake nyumbani, juu ya kitanda, begi limefungwa miguuni.

"Dada, umekuja na uso wa rambirambi. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi kaa. Nimekata kucha, nimefua kila kitu, nimemwomba radhi hadi jirani niliyewatukana kuku wake. Daktari akinikosa sasa, ni yeye."

Bi Hakika akaketi ukingoni mwa kitanda, akamweleza. Hakupamba wala hakujikinga. Alieleza chaguo, draiva, kifupisho, muuguzi, na neno alilolisema dirishani. Mdogo wake alisikiliza akivutavuta uzi uliochomoza katika shuka.

"Kwa hiyo damu yangu kapewa mwingine."

"Ndiyo."

"Na aliyesema apewe ni wewe."

"Ni mimi."

"Dada yangu wa tumbo moja." Akaukata uzi. "Usingeweza kunyamaza kidogo tu? Kunyamaza si dhambi kubwa."

"Ningeweza."

"Usiniambie kuwa ungeweza! Niambie haikuwezekana, niambie walikushika mikono! Mimi hapa nikisimama tu naona nyota, nikipanda ngazi napumzika kama bibi kizee, na wewe unaniambia ungeweza!" Pumzi zikamwishia, akaegemea ukuta. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo. "Lini tena?"

"Bwana Barafu anazipigia benki nyingine za damu. Sijui lini."

"Alhamisi ijayo?"

"Sijui, mdogo wangu."

"Na hiyo draiva yako?"

"Nimewapigia watu wa kampuni. Wamesema chaguo hilo litakuwemo katika toleo lijalo."

"Toleo lijalo! Basi waambie na mimi nitavuja damu katika toleo lijalo." Alisema hivyo bila ya kucheka, na dada yake hakucheka. Mdogo mtu akajilaza, akaugeuzia uso ukuta.

"Huyo mama," aliuliza ukutani, "je?"

"Damu imekatika. Yu hai. Na mtoto yu hai."

"Alhamdulillahi." Kisha akaongeza: "Nitakusamehe kesho. Leo nina hasira na wewe, niache nayo."

Bi Hakika hakuondoka. Aliliburura begi karibu yake, akalifungua zipu taratibu, akaanza kuzitoa zile nguo zisije zikajikunja bure: gauni la kulalia, taulo, viatu vya kuogea, sabuni mpya ambayo haijafunguliwa. Alizirudisha kabatini moja moja, akizipangilia zilivyokuwa, na kila alipofungua mlango wa kabati ulilia, na kila ulipolia mdogo wake alivuta shuka karibu zaidi na masikio.

Ewe Mola wa waja wote, mponye huyu anayengoja, umfikishie haki yake pasina kumnyang'anya mwingine. Mlee yule aliyenusurika pamoja na kichanga chake. Wape subira wanaosimama foleni mbele ya dirisha, na wanaoketi nyuma yake. Nao wote waliobaki, wanaouliza na wanaoulizwa, wape masikio ya kulisikiliza jibu mpaka kikomo chake, na ndimi zisizoogopa kulisema. Amin, ewe Msikivu wa dua.